Swali la Mara ya Pili

Fundi seremala alikumbuka maneno matatu kati ya kumi na matano, akanyamaza.

Hilo peke yake halikuwa la ajabu. Mpimaji alikuwa amekaa na watu wa namna hiyo kwa miaka kumi na mmoja, katika chumba kilekile kidogo cha hospitali, chenye meza moja, viti viwili, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe ili mgonjwa asihangaishwe na wapita njia. Kazi yake ilikuwa kupima akili zinavyofanya kazi. Aliwasomea watu orodha ya maneno, neno moja kwa kila sekunde, mara tano, nao wakayarudia kila mara. Halafu aliwapa mambo mengine kwa nusu saa: kupanga vitofali vya rangi, kuchora saa, kutaja wanyama wengi kadiri wawezavyo kabla dakika haijaisha. Kisha aliwauliza wamebakiwa na maneno gani. Seremala alibakiwa na kikapu, daraja na moshi.

Kanuni ilikuwa wazi, na mwalimu wake aliirudia mpaka ikamwingia mifupani. Mgonjwa akinyamaza, hesabu sekunde kumi, muulize mara moja tu. Akisema hakuna, andika, funga, endelea.

"Kuna lingine?" akauliza.

"Basi, mwanangu. Kichwa kimekuwa chujio."

Lakini asubuhi ile mawazo ya mpimaji hayakuwa chumbani. Yalikuwa nyumbani kwa mama yake, aliyemwacha amekaa ukingoni mwa kitanda akiwa ameshika kiatu kimoja, akikitazama kama barua iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni. Na kwa sababu mawazo hayakuwepo, mdomo ulijiendea wenyewe.

"Kuna lingine?"

Akasikia mtu akivuta pumzi. Ilikuwa ile pumzi ya mtu anayejiandaa kusema jambo alilolingoja kwa muda mrefu. Haikutoka kifuani mwa seremala. Ilitoka kulia kwake, upande wa ukuta, mahali pasipo na kiti. Chumba kikanuka maji yaliyolala siku nyingi ndani ya tangi la chuma. Hapo seremala akafumbua midomo na kutoa maneno kumi na mawili yaliyobaki, kwa mpangilio uleule wa orodha, neno moja kwa kila sekunde.

Alipomaliza alipepesa macho. "Tuendelee?"

"Mzee, umesema nini sasa hivi?"

"Nimekuambia basi. Hukunisikia?"

Daktari wa ubongo, kijana aliyekula chakula cha mchana akiwa amesimama kila siku, aliisoma ripoti huku anatafuna. "Labda ulihesabu vibaya."

"Maneno kumi na mawili, daktari?"

"Basi alikuwa na siku nzuri. Saa aliichoraje?"

Akamwonyesha. Namba zote zilirundikana upande mmoja wa duara, kama abiria waliokimbilia madirisha ya upande mmoja kutazama ajali. Daktari akatikisa kichwa. "Picha ya mashine inaniambia ubongo umekaaje. Wewe ndiye unayeniambia unafanya kazi vipi. Sasa ukiniletea saa ya mtu aliyepotea na kumbukumbu ya malaika, nishike lipi?"

Mpimaji aliirudisha karatasi kwenye faili. Alijua jambo moja ambalo hakulisema: hata mtu mwenye akili timamu hafanyi vile. Wazima hupata maneno sita au saba mara ya kwanza, halafu tisa, halafu kumi na mawili. Huchanganya, huruka, huongeza neno la kwao. Katika mamia ya karatasi alizowahi kujaza, hakuna binadamu aliyerudisha orodha yote kwa mpangilio wake bila kovu.

*

Mama yake alikuwa amefanya kazi ya kuunganisha simu kwa miaka thelathini, enzi za waya na vibonyezo, na watu wa mtaa walimwita Kitabu cha Simu. Ulimwuliza namba ya duka la mbao, ya kituo cha polisi, ya mchumba wako wa zamani, akakupa papo hapo, na ya mchumba alikupa pamoja na ushauri. Kumbukumbu ndiyo iliyokuwa fahari yake. Wengine hujivunia nywele.

Ilipoanza kumponyoka, aliificha kwa utani. "Nimeijaza mno, inamwagika." Halafu utani nao ukaanza kumponyoka. Siku moja alikutwa kwa muuza simenti akiomba aunganishwe na mumewe, aliyekuwa kaburini mwaka wa nane. Muuza simenti, Mungu amlipe, alimpa kiti na kumwambia laini ina kazi.

Mpimaji hakuwahi kumpima. Hilo nalo lilikuwa katika kanuni: humpimi wa kwako. Lakini hakuhitaji karatasi. Aliona mama akirudia swali lilelile mara nne kabla chai haijapoa. Aliona akitafuta jina la kijiko. Asubuhi moja mama alimshika mkono mlangoni, kwa adabu ile ya kumshukuru mgeni, akamuuliza, "Na wewe, mama yako hajambo?"

"Hajambo," alijibu, akaenda kazini. Njia nzima hakuona barabara.

*

Siku kumi baada ya kipimo cha seremala, mpokeaji wa wagonjwa, dada mnene mchangamfu ambaye hospitali nzima ilimwita Redio, aliingia bila kubisha.

"Umesikia? Seremala wako amepona!"

"Haponi, dada. Ugonjwa ule hauna kupona."

"Mwambie mkewe, yuko pale nje kaleta mayai trei nzima. Jana mzee kafungua karakana, kapima fremu ya mlango bila futi. Kwa macho tu! Anataja wateja wa miaka ishirini iliyopita, nani alimaliza kulipa na nani alitoroka. Wadaiwa wameanza kupita njia ya nyuma."

Redio akacheka mpaka akashika meza. Mpimaji naye akacheka, lakini moyoni kitu kilikuwa kimekwisha kusimama na kuvaa viatu.

Jumamosi mchana, jua likiwa kali nje, alimketisha mama mezani pa kulia. Alikuwa ameileta nyumbani ule mkoba wa kazi: saa ya kuhesabia sekunde, penseli mbili, karatasi. Alijiambia kwamba anataka tu kujua ugonjwa umefika wapi, ili ajipange. Watu wengi hujiambia hivyo kuhusu mambo mengi, na si haki kumcheka mtu kwa mlango aliochagua kuupitia akiwa amebeba mzigo kama ule.

Akasoma orodha mara tano. Akangoja nusu saa. Mama alichora duara, akasahau kwamba ni saa, akaliwekea macho na mdomo.

"Mama, yale maneno niliyokusomea. Unayakumbuka?"

"Maneno gani?"

"Kuna lingine?" Hapo hakukuwa hata na la kwanza, lakini ndivyo kanuni ilivyotaka.

"Hakuna, binti. Samahani." Akaomba samahani kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyejikojolea.

Mpimaji aliweka penseli chini. Alijua anachotaka kufanya, na alijua kwamba anajua. Akautazama ukuta uliokuwa kulia kwake, ambako palikuwa na kabati la vyombo na nafasi ndogo kati ya kabati na pazia, akauliza tena, taratibu.

"Kuna lingine?"

Katika ile nafasi ndogo, mtu akavuta pumzi.

*

Wiki moja nyumba ilikuwa na sherehe isiyotangazwa. Mama aliamka, akafagia, akataja namba ya simu ya muuza simenti na ya baba yake muuza simenti. Alipika bila kuunguza. Kaka, aliyeishi safari ya saa tano kutoka pale, alipiga simu akaitwa kwa jina la utani la utotoni, akalia waziwazi.

"Mdogo wangu, umempa dawa gani?"

"Vitamini."

"Vitamini gani hizo? Nitajie na mimi nimpe bosi wangu, anasahau mishahara."

Akaahidi kuja Jumapili ya wiki iliyofuata na mkewe na watoto wote watatu. Mpimaji alifua mapazia. Jioni alikaa karibu na mama na kumuuliza habari za zamani, na mama alijibu zote, na ilikuwa raha kama kurudishiwa nyumba uliyokwisha kuiaga.

Kisha Jumanne mke wa seremala akarudi hospitalini, safari hii mikono mitupu. Alifunga mlango wa chumba cha vipimo kwa mgongo wake.

"Mwanangu, mpime tena. Andika kwamba ni mgonjwa."

"Si amepona, mama?"

"Anakumbuka kila kitu." Mama yule alinong'ona, akitazama dirisha jeupe. "Tumeoana miaka thelathini na saba. Ananitajia kila neno baya nililowahi kumwambia, siku gani, nilivaa nguo gani. Magomvi tuliyoyasamehe, tukayazika, tukalala fofofo. Yote kayafukua, kayapanga kama mbao. Wala hana hasira! Angekuwa na hasira ningemwelewa. Na ananieleza niliyoyafanya yeye akiwa safarini, nikiwa peke yangu. Mume wangu hakuwepo. Aliyekuwepo ni nani?"

Mpimaji akamvutia kiti, lakini hakukaa.

"Na akilala," mama yule akamalizia, "anavuta pumzi mara mbili. Moja yake. Nyingine sijui ya nani."

Jioni ile mpimaji aliingia nyumbani na kusimama kwanza kwenye korido, akisikiliza. Mama alikuwa jikoni. Zamani, mama hakuweza kumenya hata kitunguu bila kuimba puani. Ilikuwa kero ya utoto wao. Sasa kisu kilikuwa kinagonga ubao, tok, tok, tok, kwa nafasi sawa, pigo moja kila sekunde.

"Ndiyo, nimekula," alisema mama, kabla hajaulizwa.

Mpimaji akaketi. Harufu ya tangi la chuma ilikuwa imetulia juu ya meza kama kitambaa.

"Ulipokuwa na miaka tisa," mama alisema bila kugeuka, "ulijifungia stoo, kwa sababu nilikuwa nimekuchapa. Mwenzako darasani alikuwa amefiwa na mama yake, na walimu wote wakawa wanambembeleza. Ukasema, kwa sauti, umekaa juu ya gunia: natamani mama afe, na mimi nibembelezwe."

Jambo lile hakuwahi kumwambia mtu, wala kaka yake, wala Mungu katika sala. Alikuwa amelibeba miaka yote hiyo kama kijiwe ndani ya kiatu, na siku ile nyumba ilikuwa tupu, mlango wa stoo ulikuwa umefungwa, na mama alikuwa kazini upande wa pili wa mji, kichwani amevaa vile visikilizio vyake, akiwaunganisha watu.

"Umejuaje?" mpimaji aliuliza. "Mama, hukuwepo."

Kisu kikasimama. "Nilikuwepo," alisema yule aliyekuwa jikoni, kwa upole. "Wewe ndiye hukuniona."

*

Redio ndiye aliyemtajia Fundi Saa. "Mimi sisemi kitu, unajua mimi si mtu wa maneno," alisema, na kwa nusu saa akayasema yote. Fundi Saa alikuwa na kibanda cha kutengeneza saa nyuma ya soko la nguo. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, na lenzi ndogo jichoni. Majini aliyatoa kati ya mteja na mteja.

"Karibu, dada. Imesimama saa, au kuna mtu nyumbani?"

"Kuna mtu."

Akavua lenzi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akatikisa kichwa kwa namna ya fundi anayeona kazi ya fundi mwenzake. "Kumbe tunafanya kazi moja. Na mimi huwauliza maswali nikisikiliza nani anajibu. Uliuliza mara ngapi?"

"Mbili."

"Ya kwanza ulimuuliza mgonjwa. Akakujibu hakuna, na alikuambia kweli. Ya pili ulikuwa unamuuliza nani?"

Mpimaji alitazama saa ndogo zilizotanda mezani, matumbo wazi.

"Wako ambao hukaa jirani na vichwa vinavyobaki wazi," Fundi Saa alisema. "Kama msafiri anayeona nyumba ina vyumba vitupu. Havunji mlango. Anangoja aulizwe. Akiingia, hakuna atakachosahau na hakuna atakachokosea. Hajui kukosea, maskini. Huo ndio ulemavu wake."

"Na mama yangu yuko wapi?"

"Mtu haondoki kwa kusahau, dada. Yuko chumba cha nyuma. Anasikia sauti yake mwenyewe ikizungumza sebuleni, na hajui ni ya nani."

Mpimaji akaziba mdomo kwa kiganja.

"Dawa unayo mwenyewe, kwenye mkoba wako," aliendelea. "Mketishe, mpime upya. Kila jibu lililo sahihi, usiliandike. Acha penseli hewani. Andika makosa tu. Makosa ni ya mama yako. Kila kosa utakaloandika, atasogea hatua moja mbele, na yule mwingine atasogea hatua moja nyuma. Akibaki mama peke yake, uliza mara moja, funga karatasi, mwambie tumemaliza. Hapo mlango umefungwa." Akarudisha lenzi jichoni, akaishika tena saa aliyokuwa akiitengeneza. "Lakini sikufichi. Atarudi vilevile alivyokuwa, na ataendelea kushuka. Mimi natoa majini. Uzee siutoi."

Ijumaa alianza na seremala. Ilichukua saa mbili. Jini yule alijibu sahihi, akajibu sahihi, akajibu sahihi, na penseli haikugusa karatasi, mpaka mzee aliposema "kofia" mahali pa "kikapu", na mpimaji akaliandika neno lile kwa herufi kubwa. Mwishoni alibaki mzee aliyechanganyikiwa, anayemtazama mkewe akijaribu kumtambua.

"Wewe nani, mama?"

"Mkeo, mjinga wewe," mama yule alisema, anacheka na kulia. "Twende nyumbani, nitakuonyesha ilipo."

Mpimaji aliwatazama wakiondoka koridoni wameshikana mikono, na akaona wivu.

*

Jumamosi mchana, jua kali nje, mapazia masafi. Kesho yake kaka angefika. Mama aliketi mezani kabla hajaambiwa, akapanga mikono yake.

"Unataka kunitoa," alisema.

Mpimaji akabonyeza saa ya sekunde, akasoma orodha. Yule akarudisha maneno kumi na matano. Penseli ilikaa hewani. Akasoma tena, akapewa tena kumi na matano, na penseli ikakaa hewani. Mara ya tatu sauti ilibadilika, ikawa laini mno, ile sauti ya mama ya zamani kabisa ya wakati wa homa, na katikati ya neno na neno ikaanza kupenyeza mambo mengine: rangi ya sare yake ya kwanza ya shule, maneno ya mwisho ya baba aliyoyasema mpimaji akiwa ametoka kununua dawa na ambayo alikuwa ameyalilia miaka minane kwa kuyakosa, na wimbo, ule wimbo wa puani, wote, bila kukosea noti. Mpimaji akausikiliza huku machozi yanamdondokea karatasini na mkono unamuuma kwa kushikilia penseli juu, na hakuandika, kwa sababu hakuna lililokuwa na kosa.

Mara ya nne, pumzi ilivutwa kutoka ile nafasi kati ya kabati na pazia, ndefu, ikaendelea kuvutwa kupita pale pumzi ya mtu inapoishia, vyombo vikatetemeka ndani ya kabati, harufu ya chuma ikawa nzito mpaka ulimi ukaonja kutu, na ndani ya uvumi ule wote mama akafumbua mdomo na kusema, kwa shida, kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua:

"Daraja... da... lile la kupitia. La watoto."

Mpimaji akaandika. Hakuwahi kuandika kitu kwa furaha kama ile. Akasoma mara ya tano. Mama akapata maneno mawili, na la tatu likawa jina la mumewe, ambalo halikuwepo kwenye orodha. Akaliandika pia. Pumzi ikakoma. Vyombo vikatulia. Sauti za mtaani zikarudi, pikipiki, mtu anaita mtu.

Mama alikuwa amerudi. Alikuwa mdogo ndani ya nguo zake. Akatazama meza, kabati, mikono yake, na mwishoni yule mwanamke aliyekuwa mbele yake na penseli.

"Kuna lingine?" mpimaji aliuliza kwa kunong'ona. Ndiyo ile mara moja.

"Hakuna." Mama akashika ukingo wa meza. "Hapa wapi? Wewe ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Mimi si mama yako! Mimi nina binti mdogo, yuko nyumbani peke yake, nimemfungia." Akasimama, kiti kikaanguka. Mpimaji akamshika mkono, na mama akauvuta kwa nguvu ya hofu, kama mtu anayemkwepa mbwa, akarudi nyuma mpaka ukutani. "Usiniguse! Namtaka mwanangu. Jamani, niitieni mtu anayenijua!"

Ilibaki kufunga karatasi na kusema neno moja. Tumemaliza. Lilikuwa tayari ulimini. Akafikiria miezi inayokuja, na miaka, kila asubuhi uso ule ukimwogopa upya. Akafikiria mke wa seremala akicheka koridoni. Alijitafutia ndani kicheko kama kile, akatafuta kwa uaminifu wote, hakukipata. Watu hawakupewa nguvu sawa. Aliyekuwa amejibana ukutani alikuwa mama yake wa kweli, mzima mzima, na ndiye huyo ambaye mpimaji hakuweza kumvumilia.

Saa ilikuwa bado inahesabu mezani. Mpimaji akageuza uso kulia, kwenye ile nafasi ndogo, akauliza mara ya pili.

*

Jumapili nyumba ilijaa. Watoto wa kaka walikimbizana koridoni. Mama aliwaita mmoja mmoja kwa jina, akawatajia siku walizozaliwa na uzito wao kwa gramu, na shemeji akapiga makofi. Kaka alimshika mdogo wake begani. "Nilikuwa nimejiandaa kuja kumlilia," alisema. "Mungu akuzidishie." Mpimaji akaitikia amina, akainuka kuongeza maji kwenye jagi ambalo lilikuwa limejaa.

Walipoketi kula, mama alizunguka meza akimega mkate na kumpa kila mtu kipande chake. Alipofika kwa binti yake aliinama, kama mama anayembusu mtoto utosini, na harufu ya chuma ikamshukia mpimaji shingoni.

"Siku yako ya kuanza kusahau nimeshaihesabu," alimnong'oneza, kwa upendo ambao haukuwa na kasoro yoyote. "Imebaki miaka kumi na sita na miezi miwili. Usiogope siku hiyo. Sitahitaji kuulizwa."

Kisha akamwekea mkate kwenye sahani, akahamia kwa mjukuu aliyefuata.